HOJA YA KUMWONDOA MKUFUNZI, NA MIKATE MITANO

SEMINA YA AWALI YA HISABATI NA HISTORIA YAKE, KITUO CHA RWAMGASA

Kumbukumbu za kikao cha wanasemina kilichofanyika Jumapili, tarehe 13 Machi 1983, katika banda la Mama Sikujua, kuanzia saa nane na nusu mchana.

WALIOHUDHURIA
Bi. Ghati Marwa, muuza vitenge – Mwenyekiti
Otmar Ndunguru, mvuta kamba shimoni – Katibu
Stanslaus Masanja, fundi wa matimba, yaani magogo ya kuzuia shimo lisibomoke
Febronia (Mama Sikujua), mpishi
Donatus, Cornel na Marselino, wachimbaji wa dhahabu
Mwalikwa: Mwalimu Gregory, mkufunzi kutoka chuo kinachoendesha semina hii

ASIYEHUDHURIA
Tarsisi. Alituma habari kwamba ana homa. Marselino alisema alimwona asubuhi akicheza bao.

KUMB. NA. 1/83: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kufika. Katibu aliomba radhi kwa mwandiko, kwa kuwa alitoka shimoni moja kwa moja na viganja vimechubuka.

KUMB. NA. 2/83: HOJA YA NDUGU STANSLAUS
Ndugu Stanslaus alieleza kwamba amefundishwa na walimu wengi mpaka darasa la tano, na wote walikuwa na majibu. Mwalimu Gregory hana. Huuliza swali, kisha hukaa kwenye gogo na kutusikiliza. Swali la kugawa mikate mitano sawasawa kwa watu wanane lina Jumapili ya tatu sasa, na watu wawili hawasalimiani kwa ajili yake. Alitoa hoja kwamba chuo kiandikiwe barua kimwondoe mkufunzi huyu na kuleta mwingine mwenye majibu.

Cornel aliunga mkono. Mama Sikujua alipinga, akisema kwamba yeye hakuwahi kuulizwa anafikiri nini na mtu yeyote mwenye chaki mpaka alipokuja mwalimu huyu.

Mwalimu Gregory alipopewa nafasi ya kujitetea aliuliza, "Mwalimu mwenye majibu mtamtambuaje?" Ndugu Stanslaus alisema, "Mnaona? Ameanza tena."

Mwenyekiti aliamuru kura ipigwe, lakini kwanza swali limalizwe, ili mkufunzi asiondoke na deni.

KUMB. NA. 3/83: MIKATE
Mwenyekiti alifungua kikapu na kutoa mikate mitano ya ngano aliyoileta kutoka Mwanza. Mkate wa ngano haujaonekana hapa tangu Krismasi, kwa hiyo wajumbe walisogea karibu na meza. Wajumbe walikuwa saba, na mkufunzi akahesabiwa wa nane, kwa kuwa naye ana tumbo.

Ndugu Stanslaus alishika kisu. Alieleza kwamba kila mkate ukatwe vipande vinane, kila mtu apate kipande kimoja cha kila mkate, yaani vitano. Alikata mkate wa kwanza. Kisu kilikuwa butu na chembe nyingi zikaanguka mezani, na Donatus alionekana akizikusanya kwa kidole na kuzila.

Mama Sikujua alisimama akasema mkate utaisha kwa chembe. Ndugu Stanslaus alisema, "Mayu, mama yangu, kaa chini, hii ni hesabu, si ugali." Mama Sikujua alijibu kwamba amewagawia ugali wanaume wa shimo hili miaka sita na hajawahi kupigwa. Alichukua kisu, akakata mikate minne iliyobaki katikati, ikawa nusu nane. Kila mtu akapewa nusu moja, na kipande kimoja katika vile vinane vya Ndugu Stanslaus.

Kwa desturi ya shimoni mgawaji huchukua mwisho, kwa hiyo Ndugu Stanslaus na Mama Sikujua walisubiri wengine wote wachukue. Ndugu Stanslaus alipanga fungu lake kando ya la mwenyekiti, akalipima kwa shubiri, akalipima tena. Mafungu yalikuwa sawa.

Mwalimu Gregory alieleza kwamba waandishi wa Misri ya kale, miaka elfu kadhaa iliyopita, waliandika jibu hilohilo: nusu, na moja ya nane. Ndugu Stanslaus alisema, "Kumbe ulikuwa unajua! Mbona hukusema siku ya kwanza?" Mkufunzi alisema, "Ningesema, nani angeleta mikate?" Kikao kilicheka, na Cornel alipaliwa.

KUMB. NA. 4/83: KURA
Mwenyekiti aliwataka wanaokubali mkufunzi aondolewe wanyooshe mkono. Hakunyoosha mtu. Ndugu Stanslaus aliulizwa mbona haungi mkono hoja yake mwenyewe. Alijibu kwamba mikono yote miwili ina kazi: mmoja umeshika nusu, mwingine umeshika moja ya nane.

Mkufunzi anabaki.

Watu walitawanyika saa kumi na robo, baada ya meza kufutwa.

(Sahihi) Ghati Marwa, Mwenyekiti
(Sahihi) O. Ndunguru, Katibu