Swali la Saba

Mtaa wa Livingstone, Kariakoo
Dar es Salaam
18 Januari 1976

Baba yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, na shikamoo nyingine umfikishie Mama. Natumaini mguu wake umepona na kikohozi chako kimepungua. Mimi ni mzima, kazini kwema, ila joto la huku linanichosha. Sukari tunaipata kwa foleni, na foleni ya Kariakoo mtu anaweza kuisomea kitabu kizima akakimaliza.

Mimi ndivyo ninavyofanya, Baba. Chuo kimoja cha ng'ambo kinapokea watu wa takwimu kwa shahada ya pili, na ofisi imekubali kuniruhusu nikipata nafasi. Kwanza lakini kuna mtihani, tarehe 24 Aprili, na nusu yake ni hesabu. Si zile ngumu za chuo kikuu. Ni za mafumbo, kama ulizokuwa ukitupa darasani, za mifereji na vibarua, ila kila moja unatakiwa uijibu kwa dakika moja hivi, na akili yangu imepata kutu. Shanta, ninayekaa naye meza moja ofisini, amenipa kitabu cha mazoezi alichoacha kaka yake Devendra alipohamia Kanada. Nimekimaliza mara mbili. Sasa nakumbuka majibu kabla sijasoma maswali, na huko si kujifunza. Naomba unitungie maswali kumi, kama zamani.

Nikuambie na la moyoni. Kaka Gaudens alipopita hapa Desemba aliniuliza, "Ukikaa huko miaka miwili, na mume huna, ukirudi utarudi kwa nani?" Nilicheka, nikabadilisha mazungumzo. Chumba hiki ni cha kupanga. Shamba la ukoo huko nyumbani, kihamba chote, migomba na kahawa, ni cha wavulana, Gaudens na Kasmir. Celina ameolewa, na mimi ndiye nimebaki hewani. Mtihani nadhani nitauweza. Naogopa kuondoka bila mahali pa kurudi.

Mwanao,
Candida

*

Kilema
2 Februari 1976

Mwanangu Candida,

Milele amina, na marahaba. Barua yako nilikabidhiwa Jumapili baada ya misa, mbele ya watu, ikabidi niisome kwa sauti mpaka pale pa Gaudens, nikakohoa na kuikunja. Mguu wa Mama yako sasa unatembea. Mdomo wake haukuwahi kuugua. Anakusalimu sana.

Nimefurahi kupewa kazi. Tangu nistaafu hakuna anayeniuliza hata tano mara tano. Maswali yako kumi yamo katika karatasi ya pili. Masharti unayajua: huulizi mtu, swali unalisoma mara mbili, kalamu inashuka mara moja. Matatu nayaandika hapa pia, ili Mama yako aone sipotezi wino.

La kwanza. Mfereji wa juu unajaza bwawa kwa saa tatu, mfereji wa chini kwa saa sita. Yote miwili ikifunguliwa pamoja, bwawa litajaa kwa saa ngapi?

La nne. Wanawake sita wanamaliza kuchuma kahawa ya shamba kwa siku nne. Wakiwa wanane, watamaliza kwa siku ngapi?

La saba. Mzee ana watoto wanne, wavulana wawili na wasichana wawili. Ana kihamba cha ekari tatu. Anawagawia watoto wake sawasawa. Kila mmoja atapata ekari ngapi?

Swali la Gaudens nalo nimelisoma. Hilo niachie mimi.

Baba yako,
Isidori

*

Kariakoo
22 Februari 1976

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi sana kusikia Mama anatembea, na nimecheka peke yangu kwa habari ya kikohozi chako cha kanisani. Hapa sote wazima.

Maswali nimeyafanya kwa siku tatu, asubuhi, kabla ya kupanda basi la Posta. Nakaa kwenye ngazi mkabala na soko jipya. Ungeliona paa lake ungetunga maswali ishirini mengine: ni miavuli mikubwa ya zege iliyofunguka kuelekea juu, mvua ikinyesha maji yanateremkia ndani ya nguzo. Muuza mchicha mmoja amenizoea. Kila nikifika ananiuliza, "Mwalimu, leo zimekubali?"

Zimekubali, Baba. La kwanza ni saa mbili. Karibu nijumlishe nipate tisa, nikakumbuka sauti yako. La nne ni siku tatu. La saba ni ekari moja na nusu, na hilo halikunichukua hata sekunde tano. Mengine yako nyuma ya karatasi. Nadhani ulinihurumia.

Mwanao,
Candida

*

Kilema
7 Machi 1976

Mwanangu,

Marahaba. Tu wazima, mvua imeanza na viazi vimeota.

Umepata tisa kati ya kumi. Swali la saba umekosa. Kosa liko wapi sikuambii, wala leo sikuongezei swali jingine. Rudia hilohilo.

Baba yako,
Isidori

*

Kariakoo
21 Machi 1976

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili. Mama msalimie.

Nilirudia mara tatu nikapata moja na nusu mara tatu. Mwisho nikavunja sharti lako nikauliza. Filbert wa ofisini, mtu wa Kibosho, wa mlimani kama sisi, hakuinua hata kichwa. Akasema, "Moja na nusu." Nikajisikia vizuri, nikasema basi mzee amechoka. Shanta akaivuta karatasi, akaisoma, akasema, "Robo tatu."

Tukamcheka, mimi na Filbert. Yeye hakucheka. Akasema, "Jamani nyie watu wa mlimani mmesomea wapi? Hapa pameandikwa watoto wanne. Hata kwetu wasichana hatupewi, lakini swali limesema watoto, na limesema sawasawa. Tatu gawa kwa nne. Mbona mnagawa kwa mbili?"

Baba, nililisoma tena swali nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Wavulana wawili, wasichana wawili. Ni sisi! Ni Gaudens, Celina, Kasmir na mimi. Nimesoma mpaka chuo kikuu, kazi yangu ni kuhesabu watu wa nchi nzima, na nimejiruka mwenyewe bila kujua kuwa nimeruka mtu.

Ningeishia hapo ungecheka na sisi tungecheka. Lakini nimekumbuka jambo, na nisipoliandika halitaniachia. Swali hili si jipya. Ulitupa darasa la nne, mwaka 1956, ubaoni, neno kwa neno. Niliandika moja na nusu ukanipa vema. Angelina binti Eliasi aliandika robo tatu. Ukamsimamisha mbele, ukamwambia awaonyeshe wenzake hesabu ya mtu anayegawia wasichana kihamba. Darasa zima lilimcheka. Nami nilicheka, Baba, kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu nilikuwa binti yako. Angelina mwaka uliofuata hakurudi shule.

Sasa leo unaniambia nimekosa. Nilikosa lini? Nani alinifundisha?

Nisamehe kama nimekuvunjia heshima. Nimeumia.

Mwanao,
Candida

*

Kariakoo
2 Mei 1976

Baba mpendwa,

Shikamoo. Wiki sita sasa sijapata neno lako. Pasaka ilipita bila hata salamu za Mama. Natumaini mko wazima, na kwamba ni posta tu, maana mvua imeharibu barabara nyingi.

Mtihani nimeufanya. Tulikuwa watu kumi na wawili katika ukumbi mmoja karibu na Posta, mwanamke nikiwa peke yangu. Kila swali nililisoma mara mbili kama ulivyotaka, na huko ndiko kulikonilia muda, matatu ya mwisho nikayabahatisha. Swali la kihamba halikuwemo. Hata hivyo kila nilipoona idadi ya watu nilijiuliza kwanza kama kuna ambaye sijamhesabu.

Kama barua yangu ya Machi imekuudhi, niandikie hata kunigombeza. Kunyamaza kwako ndiko siwezi.

Mwanao,
Candida

*

Kariakoo
8 Agosti 1976

Baba,

Shikamoo. Nasikia kwa mtu wa Kilema aliyepita mtaa wa Gerezani kutafuta vipuri vya lori kwamba u mzima na unatembea huku na huko vijijini. Nimemshukuru Mungu. Halafu nimelia, kwa sababu basi hukosi nguvu za kuandika.

Nimeshinda. Barua ya chuo imefika, masomo yanaanza mwezi ujao, nitaondoka tarehe 9 Septemba. Ofisini wameshangilia, Shanta ameleta ladu na Filbert amekula nusu ya sahani. Mimi tu ndiye sijafurahi bado. Ningeweza kufuta barua ile ya Machi ningefuta. Tena hapana, nakudanganya, nisingeifuta. Lakini siondoki huku hatusemi. Usiponijibu nitawaandikia chuo nafasi wampe mwingine, nipande basi nije nikuulize uso kwa uso.

Mwanao,
Candida

*

Kilema
22 Agosti 1976

Mwanangu Candida,

Tumsifu Yesu Kristo. Leo nimeanza mimi. Marahaba za shikamoo zako tatu zilizokaa bila kujibiwa, zipokee. Mama yako mzima, na ananisimamia hapa nisije nikaandika mistari miwili nikafunga bahasha.

Hukuniudhi. Sikuandika kwa sababu uliniuliza swali na jibu lake nilikuwa sijalifanya. Mwalimu anayetuma jibu bila njia ni mdanganyifu.

Nilipokutungia lile la saba nilikuwa na hila. Nilitaka wewe msomi uniandikie robo tatu kwa mkono wako, nipeleke karatasi kwa wazee wa ukoo, niseme oneni, hesabu ndivyo inavyosema. Ukaniletea moja na nusu. Niliduwaa siku mbili. Nilijua itanibidi kupambana na Gaudens na wazee, sikujua kuwa na wewe umo upande wao. Kisha ikaja barua yako ya Angelina, nikaona ni nani aliyekupanga upande huo.

Nilifungua sanduku la bati. Daftari lako la darasa la nne nililitunza, kwa sababu mwandiko wako ulinipa kiburi. Vema yangu ipo, kubwa, nyekundu. Niliitazama nikaona haya peke yangu.

Nilianza na Angelina. Ameolewa Kirua, ana watoto sita. Nilikata jani la isale nikaenda nalo kwa miguu, nikampa kwa mikono miwili, kama inavyompasa mtu aliyekosa anapoomba msamaha. Akaniuliza, "Mwalimu, miaka ishirini?" Nikamwambia ndiyo, miaka ishirini. Akalipokea. Kisha akasema wasichana wake wawili wako shuleni, na nikitaka kumpendeza zaidi niwafundishe hesabu. Nakwenda kila Jumatano. Huko ndiko mtu wako alikoniona nikizunguka.

Baada ya hapo ndipo nikaita ukoo. Tulikaa vikao vitatu. Baba yako mdogo Elisaria alisema vitabu vimeniharibu. Gaudens aliondoka katikati ya kikao cha pili, na hilo limeniuma, kwani ni mwanangu wa kwanza na hana roho mbaya, ana watoto tu na shamba dogo. Kasmir ndiye aliyeshika kamba ya kupimia. Tumepima Jumamosi iliyopita. Ekari tatu, sehemu nne. Celina alikuja na mumewe akalia, mumewe akachimba mashimo. Gaudens hajanisalimu mpaka leo. Alifika tu jana jioni kuangalia kama kamba ilinyooka, akakuta imenyooka, akaondoka.

Kwa hiyo nenda, mwanangu. Nafasi usimpe mtu. Ukiulizwa tena utarudi kwa nani, sema unarudi kwako. Ukija utashuka kituo kilekile, ila usipitie kwa Gaudens. Njia yako inaanzia kwenye mfereji wa juu, pale penye masale mapya. Migomba kumi na saba imo, mitatu ina mikungu, na Mama yako ameshaanza kuila kwa niaba yako.

Humu ndani nimeweka ukurasa wa daftari lako. Vema ile nimeikata, na kando yake nimeandika robo tatu. Wino mwekundu sikuwa nao, nimeazima kwa mwalimu mkuu.

Utakuta na jani. Masale ya mpaka wako nimeyapanda ardhini, yamebaki huku. Hili nakuletea wewe, kama nililompelekea Angelina.

Baba yako,
Isidori