Mabega Niliyorithi kwa Hawe

Hawe,

Presha yangu imeshuka. Nimeona nikwambie hilo kabla ya salamu, kwa sababu hukupenda mtu akuzungushe. Ulikuwa ukisema, "Kama una habari, ilete. Chai tutakunywa baadaye." Basi habari ndiyo hiyo. Muuguzi amenipima mkono wa kushoto, akanipima wa kulia, akaitazama mashine, akanitazama mimi, akasema, "Kadzo, hii sasa ni presha ya msichana." Nilicheka mpaka akaniambia ninyamaze, kuna wagonjwa.

Sasa shikamoo, Hawe, bibi yangu. Najua umeitikia.

Nakuandikia hapa ofisini, Malindi, saa ya chakula cha mchana. Wakili ametoka na mlango nimeufunga. Karatasi ya kwanza nimeichana kwa sababu mwandiko ulikuwa mbaya. Katika hilo sijabadilika. Bado ni yule mjukuu wako anayefunga kufuli, akaenda hatua chache, akarudi kulivuta aone kama kweli limefungika.

Tangu ututoke nilikuwa na hofu ambayo sikumwambia mtu, hata Mama. Siku ya hanga lako, tulipokuomboleza kule Marafa, wanawake walinizunguka wakanishika mashavu. "Huyu ndiye Kadzo mwenyewe," wakasema. "Jina lake, uso wake, mwendo wake. Tazameni hata miguu!" Walitaka kunifariji, nijue kwamba hukuondoka wote. Mimi nilisikia kitu kingine. Nilisikia kwamba kile kilichokuua kimeshanijua kwa jina.

Kwa maana nilikuwepo, Hawe. Asubuhi ile ulikuwa ukikoroga uji, mwiko ukakuponyoka, ukainama kuuokota, mkono ukakataa. Uliutazama mkono wako kama mtu anavyomtazama mtoto mkaidi. Kisha maneno nayo yakakataa. Hospitalini wakasema ni kiharusi, presha ya muda mrefu. Dawa ulikuwa nazo! Lakini ulikuwa ukimgawia jirani yako, "maana naye kichwa chamuuma, nimeze peke yangu kama mchoyo?" Nimelikumbuka neno lako hilo nikacheka, nikalikumbuka tena nikalia. Sijui mtu mwingine angeweza kuona uchoyo katika kumeza dawa yake mwenyewe.

Jioni ya hanga, ngoma ilipopigwa, wanawake waliingia uwanjani na mabega yakaanza kuruka kama ulivyopenda. Mama alinivuta mkono. Sikwenda. Niliikumbatia nguzo ya turubai, moyo wanidunda, kichwa chazunguka, nikadhani ni msiba tu. Haukuwa msiba tu. Niliporudi kazini kichwa kikaendelea kuzunguka, nikaenda zahanati, na ile mashine ikanikaba mkono ikatoa jibu ambalo nilikuwa nimeshalijua. Juu. Na uzito nao juu. Katika umri wangu huu, Hawe.

"Tunakupa muda," muuguzi akasema. "Punguza chumvi, punguza sukari, utikise mwili. Ikikataa kushuka tutaanza dawa. Na hizo humgawii mtu." Nilikuwa nimemsimulia habari zako.

Nikajaribu kutembea mbiombio jioni, na raba zangu mpya. Pale pembeni vijana wa bodaboda wakanipokea. "Karani! Wakimbia nini, umeiba faili?" Mwingine akasema, "Mwache, amfukuza mume." Nilirudi chumbani, nikafunga mlango, nikala viazi karai vilivyojaa mafuta. Usicheke.

Aliyeniokoa ni Mama Mutua. Humjui. Ni mama wa kutoka bara anayeuza mboga hapa chini ya ofisi yetu, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Siku moja alinitazama nikishuka ngazi huku nahema, akasema, "Wewe mtoto unakaa kwa kiti mpaka kiti kinakuonea huruma. Kuja na mimi Jumamosi kwa Bi Zuhura."

Bi Zuhura ni mwenyeji wa mji wa kale. Alifanya kazi za nyumbani Arabuni miaka mingi, na huko mabinti wa nyumba wakamfundisha ngoma ya tumbo, ile ya kuchezesha kiuno na tumbo pole pole mpaka unadhani mifupa imetoka. Aliporudi, sukari ikamwandama, akawa anacheza peke yake chumbani ili mwili uchangamke. Majirani waliona anavyozidi kuwa na nguvu, wakabisha hodi. Sasa anafundisha wanawake ghorofani kwake. Mapazia hufungwa, mabuibui hutundikwa misumarini, na hakuna mwanamume anayezipanda ngazi zile hata akiwa fundi wa bomba.

Nilisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, mkoba begani.

"Na mkoba huo," Bi Zuhura akauliza, "nao umekuja kucheza?"

Wanawake wakacheka. Nilitaka kushuka ngazi nisirudi tena. Lakini alikuja mwenyewe akanivua mkoba, akanifunga leso kiunoni, akaniambia nisimame kama mtu anayengoja mgeni anayempenda. Hakuna aliyewahi kunipa maagizo kama hayo, Hawe. Katika shule zote nilizosoma.

Sasa sikiliza shida iliyonipata. Katika ngoma ile, juu hutulia na chini husema. Kiuno chaenda, tumbo lapanda na kushuka kama wimbi, lakini mabega hukaa kimya. Na mimi kila nikichezesha kiuno, mabega yaruka! Nikisogeza mguu, mabega. Nikipumua, mabega. Bi Zuhura akanikunjia leso mbili, akaniwekea moja kila bega, akasema zisianguke. Zilianguka kabla hajageuka.

"Kadzo! Mabega hayo yataka kuruka yende wapi? Yalale! Mabega yalale!"

"Huyo ni tuktuk bila breki," akasema Mama Mutua, ambaye yeye mwenyewe kiuno chake kimezoea magunia ya viazi na hukizungusha kama anafungua mlango wa stoo.

Jumamosi baada ya Jumamosi, leso chini. Mwishowe nikaona haya, nikamwambia kwa adabu, "Bi Zuhura, utanisamehe. Sisi Wagiriama ngoma yetu iko mabegani."

Aliiokota leso, akaikung'uta vumbi, akanirudishia begani. "Naijua, mwanangu. Nimekua na Wagiriama. Siyatoi mabega yako, nayalaza tu. Siku nikiyahitaji nitakuita."

Usiku ule nilikuwazia mno. Ulivyokuwa ukitwanga mahindi, mchi wapanda, mabega yacheza. Ulivyopokea habari ya kufaulu kwangu mtihani, mabega tu yalitikisika pale mlangoni, kushoto, kulia, na ndoo ya maji ingali kichwani na hata tone halikumwagika. Mimi nilidhani watu wote hufurahi hivyo.

Nilipokuwa nikijifunza kuyalaza ndipo nilipogundua jambo. Mabegani mwangu mlikuwa na vitu viwili. Kimoja ni chako, na kingine ni woga. Wakili akiita "Kadzo!" kutoka chumba cha ndani, mabega hupanda hadi masikioni. Simu ikilia, masikioni. Hata nikilala. Nilikuwa nimeyabeba hivyo tangu niajiriwe, nikidhani ndivyo mwili wangu ulivyo. Na Bi Zuhura asingeniwekea zile leso, nisingejua tofauti. Nikaanza kufanya mazoezi mezani kwangu. Wakili akiita, kwanza mabega yalale, ndipo niitike.

Siku moja alipiga kelele kwamba nimepoteza faili. Zamani ningeomba msamaha kwanza, nitafute baadaye. Nilivuta pumzi, mabega yakashuka, nikasema, "Wakili, faili uliloketi kando yake ndilo hilo." Alilitazama. Akakohoa. Akasema, "Vizuri." Mama Mutua nilipomsimulia alinipa mafungu ya mchicha bure, akawaeleza wateja wote, na katika masimulizi yake mimi nilikuwa nimesimama juu ya meza.

Mchicha huo ndio ninaokula sasa, Hawe, na samaki wa kuchemsha, na chai bila sukari, ambayo mwanzo ilikuwa kama kunywa dawa ya mtu mwingine. Ngazi za ofisi nazipanda nikiimba. Magauni nimeyapeleka kwa fundi ayapunguze. Na leso mabegani zikaacha kuanguka.

Kisha Bi Zuhura akatangaza harusi ya binti yake. Katika usiku wa ngoma ya wanawake, sisi wanafunzi wake tutacheza. Wenzangu wakaagiza mikanda ya sarafu inayolia chini ya kiuno. Mimi nilikuwa nikifikiria sababu ya kuugua siku hiyo. Lakini nikawaza pia hando lako la kuvaa kiunoni, lile jeupe la bafuta, la marinda yaliyorundikwa mpaka nyonga zako zikawa kama mlango wa ngome. Linalia lenyewe likitikiswa, kwa sauti ya kitambaa. Nikampigia Mama simu kuliomba.

"Hando la mamangu," akasema, "likachezewe ngoma ya Kiarabu?"

Nikamwambia ukweli ambao sikuwa nimemwambia: zahanati, mashine, hofu yangu ya kufa kama wewe. Nilisikia akiketi. Kisha akasema, "Nitalileta mwenyewe." Alikuja amelifunga ndani ya leso, akalipakata, na hata Bi Zuhura alipomkaribisha vizuri na kumpa kahawa na halua, hakuliweka chini. Alikuja kulilinda, Hawe. Nilimwona usoni.

Ukumbi ulijaa. Udi, asumini, dhahabu, na wanawake wa kuogopesha kwa uzuri, wa jamaa kubwa za mji. Mama ameketi ukutani, mkoba magotini. Ngoma ya dumbaki ikaanza. Nilikuwa wa mwisho katika mstari, nimevaa hando lako. Nikaiona ile nguzo ya turubai tena, ingawa haikuwepo. Nilijua nikiikumbatia safari hii sitaiachia maisha yangu yote.

Nikaingia.

Mabega yalilala, Hawe! Kiuno kikaenda, tumbo likapanda na kushuka, na hando likawa linaongea chini yangu, shwa, shwa, na juu nimetulia kama mtu anayengoja mgeni anayempenda. Nikasikia mmoja akiuliza, "Yuwatoka wapi huyu?" Basi dumbaki likabadilika, likaharakisha. Bi Zuhura, aliyekuwa kando ya wapiga ngoma, akanitazama mimi peke yangu katika mstari wote, akainua kidevu.

"Kadzo! Sasa yaamshe!"

Nilimwelewa papo hapo. Kumbe katika ngoma yao kuna mahali mabega huitwa, na wenzangu wote walikuwa wakipapatika kama kuku waliomwagiwa maji. Mimi sikufanya kitu. Niliyaachia tu. Yalitoka yenyewe, Hawe, kushoto, kulia, mepesi, ya haraka, na kiuno chini kikiendelea na mambo yake, na moyo wangu ukidunda kwa furaha na si kwa kingine chochote. Wanawake wa kwetu waliokuwa wakipika pilau uani wakaja na miko yao mikononi wakajaza mlango. Bibi mmoja akapaza sauti, "Hando! Njooni mwone hando!" Vigelegele vikapasuka, vya mjini na vya shamba pamoja, na Mama Mutua akatoka kwenye mstari akaja kunituza kwa kunivika shingoni leso yake mwenyewe, akisahau kwamba naye alikuwa anacheza.

Nilimtafuta Mama na mkoba wake. Mkoba ulikuwa chini sakafuni. Mama alikuwa amesimama, na mabega yake yalikuwa yanacheza.

Tulipokuwa tukilikunja hando, hakuniangalia. Akasema, "Leo nimemwona mamangu." Maana yake ni ile ile ya maneno ya hangani, Hawe. Yale yaliyonitia hofu. Safari hii nilisimama wima nikayapokea kama mtu anavyovishwa nguo yake.

Nilipokuwa nikiogopa, nilidhani urithi ni ugonjwa tu. Uliniachia na mengine. Siku iliyofuata nikaenda zahanati, na lile jibu nimeshakwambia. Muuguzi amesema niendelee, na nisiache kupimwa. Sitaacha.

Sasa nakuaga, maana nasikia viatu vya wakili ngazini na mabega yangu yametulia. Pumzika, Hawe. Usiukumbuke tena ule mwiko. Nakuahidi Mama nitampeleka kupimwa, amekubali baada ya kunung'unika, na akipewa dawa atazimeza mbele yangu, zote zake, awe mchoyo. Na siku ukoo utakapokusanyika Marafa kukukumbuka, ngoma ikipigwa, asinivute mtu mkono. Watanikuta nimeshaingia uwanjani, na hando lako kiunoni.

Mjukuu wako na jina lako,

Kadzo