Baruti na Shikamoo ya Baba Mkubwa

Tata,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini siwezi kuongea na baba yangu bila salamu. Naogopa, Tata. Tangu tukuzike naogopa gobore lako kuliko ninavyowaogopa fisi wanaoingia zizini.

Kibali sasa kina jina langu, mimi Bhoke, na hapa Kenyamonta wapo bado wanaocheka mwanamke kushika bunduki. Wacheke, shauri yao.

Baruti uliyoacha imekwisha. Hii mpya niliyonunua Bomani si kama ile. Ni laini kama unga wa mtama, halafu ina hasira. Kile kipimo chako cha pembe ya ng'ombe hakiifai kabisa. Kwa hiyo nimeanza upya kama ulivyonifundisha: naweka kidogo, nalenga debe pale kwenye kichuguu, naangalia risasi imeangukia wapi, naongeza chembe, napiga tena. "Usiifurahishe bunduki, Bhoke," ulikuwa unaniambia. Kila nikifyatua nafumba macho. Nisamehe.

Juzi risasi zilishaanza kuligusa debe. Nikawa nashughulika na baruti, mara baba mkubwa huyo, amesimama njiani anasubiri shikamoo yake. Ningefanyaje? Nikaweka kila kitu chini, nikapiga goti. Unamjua kaka yako! Akamuulizia mama, akaulizia ng'ombe, mihogo, mpaka mashemeji wa Sirari. Alipoondoka nikarudi, nikamimina baruti, nikashindilia. Halafu nikajiuliza: nilikuwa nimeshamimina kabla hajafika, au nilikuwa bado? Baruti ikiingia mara mbili, mtutu unapasuka usoni mwa anayefyatua.

Mungu wangu. Ndipo nikaelewa kwa nini ulikuwa unajifungia kwenye banda la mbuzi kila unaposhindilia. Watu walisema unaweka dawa. Kumbe ulikuwa unakimbia salamu tu!

Marwa akaja, akaichukua bunduki. "Dada, wewe unaogopa hata kivuli chako. Lete nipige mimi." Akaiegemeza shavuni. Tata, niliuona uso wa mdogo wangu umepasuka kabla haujapasuka. Nikamzaba kofi, nikamnyang'anya, nikamimina maji ya ndoo ndani ya mtutu mpaka yakafurika.

Bunduki ilikuwa haijakauka fisi walipokuja. Wakachukua mtamba wa Marwa, yule aliyekuwa anamtunza kwa ajili ya mahari. Sasa Marwa hanisemeshi. Mama anasema nimeharibu kwa woga wangu, na kweli ni woga, sikatai. Lakini Marwa akikaa kula namwangalia, macho yake yote mawili yapo, na ile pua aliyoirithi kwako.

Kesho naingia bandani, nijifungie, nianze tena na kidogo. Sijui kama nitaweza.

Pumzika, Tata. Nakuahidi jambo moja tu: nikiwa na shaka nitamimina maji, hata fisi wakimaliza zizi lote, hata Marwa asiponisemesha mpaka tuzeeke.

Mwanao,
Bhoke