Mbwa Aliyezoea Sauti

Mweiga, 4 Machi 1973

Kwa mama yangu Kagure,

Mtoto wangu, una jina la mama yangu mzazi, kwa hivyo nitakuita mama tu. Hujambo huko Kenol? Cherehani inaendelea? Sisi tuko salama, viazi viko ardhini. Mimi niko na koo tu, linakwaruza.

Rosi, yule mbwa ambaye mzungu wa shamba aliniachia akienda kwao, sasa anaruka vizuizi vyote kumi. Nikisema "Ruka!" yuko ng'ambo kabla sijafunga mdomo. Nimemwandikisha kwa mashindano ya mbwa kuruka, kwenye maonyesho ya Nyeri, Septemba. Wengine wote ni watu wa klabu ya wazungu. Peterson, msimamizi, alinitazama viatu, halafu akaandika jina.

Baba yako,
Nderitu

Kenol, 20 Mei 1973

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, kazi iko. Lakini koo la Machi hadi leo? Dada Wangechi anasema unaongea kama mtu anayenong'ona kanisani. Nenda hospitali. Mbwa atangoja.

Mtoto wako,
Kagure

Mweiga, 2 Agosti 1973

Kwa mama,

Natumaini uko salama. Nilienda. Ni uvimbe, na si mzuri. Daktari alitaka nilazwe siku hiyo hiyo. Nikamwambia baada ya maonyesho. Sauti yenyewe iliisha Jumatatu.

Sasa namfundisha Rosi kwa ishara ya mkono. Jana aliruka vitatu.

Baba yako

Kenol, 9 Agosti 1973

Baba,

Sina salamu leo. Vitatu kati ya kumi! Nakuja Jumamosi kukupeleka wodini. Tafadhali nikukute nyumbani.

Kagure wako

Mweiga, 30 Septemba 1973

Kwa mama yangu,

Hujambo? Nisamehe ile Jumamosi. Nilikuwa kwa jirani Theuri, nyuma ya zizi, nikakuona ukirudi barabarani peke yako.

Tulifika Nyeri. Nikainua mkono. Rosi akanitazama mdomo. Nikainua tena. Peterson akasema kwa upole, "Mwite tu, mzee." Nikafungua mdomo, ikatoka hewa. Hakuruka hata kimoja. Alikuja akaketi juu ya miguu yangu.

Juzi nilirudi kwa daktari. Anasema uvimbe umeenea, hakuna cha kukata tena.

Njoo umchukue Rosi. Mfunge karibu na cherehani, umpe maji. Usimfundishe kitu. Siku za kwanza atakutazama mdomo sana ukiongea na wateja, halafu ataacha.

Baba yako