Dakika Kumi Bila Mimi

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu wa chuo kaniita. Ijumaa mkaguzi anakuja! Wanafunzi wangu waongee Kifaransa dakika kumi, mimi nisitie neno. Wakishindwa, darasa langu la watu wazima linafungwa. Miaka mitatu nimewafundisha, vitenzi vyote wanavijua — lakini mwulize Fundi Bomba (wote nawaita kwa kazi zao) habari za nyumbani uone, anatazama dari.

Mume wangu kacheka mpaka kakaa chini. Eti mimi ninyamaze dakika kumi? Mimi niliyesahihisha barua ya posa mbele ya wakwe? Hana adabu. Lakini kasema kweli.

Jumanne, 5 Machi
Mbinu mpya. Wawili wawili, wamepeana migongo. Mmoja ana picha ya chumba, mwenzake karatasi tupu — aulize, achore. Mimi nimejaza maji mdomoni ili nisisahihishe. Muuguzi kaweka kitanda juu ya kabati. Nikavumilia. Kosa la pili, nikavumilia. La tatu nikapaliwa, maji yote kwenye rejista.

Jumatano, 6 Machi
Nimekunywa lita mbili. Maendeleo hakuna.

Alhamisi, 7 Machi
Wameongea! Mfululizo, bila kukwama. Nikafurahi — kisha nikaona mwenye kuuliza hachori chochote. Kumbe Muuguzi kawaandikia mazungumzo yote, wakayakariri huko makazini, wasiniaibishe kwa mkaguzi. Nimewafokea. Halafu nimeenda chooni nikalia. Nawapenda watu hawa, basi tu.

Ijumaa, 8 Machi
Mkaguzi picha hakuzitaka. Kamwuliza Fundi Bomba jana alifanya kazi gani. Nikajua tumekwisha. Fundi katazama dari... kisha kaanza. Bomba, mama mwenye nyumba, mbwa kakwama kwenye mtaro! Vitenzi vyote vimevunjika miguu. Muuguzi akadakia kwamba mbwa haenei humo. Wakabishana — kwa Kifaransa!

Dakika ya sita Fundi kakosea kitu nilichomfundisha mwaka mzima. Mazoea yana taabu. Nikaropoka. Fundi akanyamaza, na darasa zima likanyamaza. Mkaguzi kaweka kalamu chini.

“Mwalimu, naomba utusubiri nje.”

Niko koridoni. Mwanzoni kimya, roho ikaniuma kweli. Sasa Fundi kaanza tena, polepole. Muuguzi anambishia. Mkaguzi anacheka, sijui anaandika nini. Dakika ya ishirini na mbili! Makosa nimehesabu kumi na saba. Naandika nimesimama, daftari ukutani, maana mkono wa kushoto umeshashika kitasa —