Buti Ndani ya Friji ya Kimchi

Saa kumi na moja alfajiri: theluji imefika kizingitini, na buti zangu hazipo mlangoni.

Ha-ram mwanangu, supu iko jikoni, ipashe moto. Mwaga chumvi kwenye ngazi iyeyushe barafu kabla mama yako hajatoka.

Najua umezificha buti ili nisiende kusaidia kusambaza vifurushi. Jumanne niliteleza, kweli, lakini boksi halikupasuka, wala mimi. Ila kuzificha kwenye friji ya kimchi, katikati ya kabichi ya kuchachua, mwanangu? Kimchi ya asubuhi huitoa nani humu ndani? Sasa zinanuka kitunguu saumu.

Jana Pyo, dereva wa gari la vifurushi, alisema, "Mzee, usiponiacha peke yangu, vifurushi vya kimchi vya watu tutamaliza kuvisambaza Jumamosi." Basi kazi hii naiacha ~~leo~~ Jumamosi.

Honi ya Pyo imelia. Buti nimeshavaa.

Baba