Mazoezi ya Kumtazama Mzungu Machoni

Dabani, Jumapili. Mvua ilitukuta kanisani, sasa jua limetoka na matope yananukia vizuri. Moyo wangu uko juu.

Watu wengi hawajui, lakini reli isingefika Tororo bila mimi. Nilikuwa kijana tu, nachunga ng'ombe wa baba, nikamkuta mzungu mwenye darubini ya miguu mitatu anaielekeza kule kwenye matete. Nikamwambia, Bwana, huko treni yako itazama mpaka kofia ya dereva. Akakunja karatasi zake, akageuza reli nzima. Asante hakusema, lakini kila treni inapopiga filimbi najua inanisalimia mimi.

Ndiyo maana sikushangaa nilipoitwa. Kesho asubuhi naonana na Bwana Injinia wa kiwanda kipya cha saruji, pale Tororo chini ya Mwamba. Wanatafuta nyapara wa kusimamia wapakiaji wa magunia. Shemeji yangu Owori, kaka wa mke wangu, ndiye mpishi wa huyo Bwana, naye alinong'oneza jina langu wakati anapeleka supu mezani.

Nimeshawatangazia watu. Juzi kwenye chungu cha malwa, pombe yetu ya wimbi, kila mtu na mrija wake mdomoni, nilisema kuanzia Jumatatu mimi si mtu wa jembe tena. Wote wakanyamaza kwa heshima. Au kwa sababu ya mirija, sijui.

Nikikosa kazi hii, siwezi kurudi kwenye kile chungu.

Jana Owori alikuja kunipima. Akakaa kwenye kiti changu, akakunja nne, akajifanya Bwana. Mimi nikaingia, nikamsalimia vizuri kama mtu aliyelelewa. Nikamuuliza habari za nyumbani, habari za mama watoto, kama mvua imenyesha kwao Ulaya, kama ng'ombe wanatoa maziwa, kama baba yake bado ana nguvu za kutembea. Sijafika kwa watoto, Owori akasimama.

"Shemeji, umefukuzwa."

"Kabla hajaniuliza kitu?"

"Bwana ana saa mkononi. Wewe bado uko kwa ng'ombe wake."

Sawa, hilo nimelirekebisha. Salamu moja, basi, kama mtu anayefukuza kuku. La pili ndilo gumu. Owori anasema wazungu wanataka uwatazame machoni unapoongea. Sisi tumefundishwa kwamba mkubwa akisema nawe, macho yako yanakaa kwenye vidole vyake vya miguu, na hiyo ndiyo adabu.

"Kwake yeye hiyo si adabu, ni uongo," Owori akasema. "Yule niliyempeleka juzi kuomba kazi alitazama sakafu mpaka mwisho. Bwana akaniambia, mpishi, mtu wako anaficha kitu."

Mimi niliyemtazama chui machoni mpaka akaniomba njia, nishindwe na mtu anayekula uji wa shayiri?

Nikaanza na ng'ombe. Ng'ombe akashindwa, akageukia majani. Nikaenda kwa katekista, akadhani nataka kuungama, akanishika bega na kuniambia Mungu ni mwema. Leo baada ya ibada nikaamua kufanya mazoezi ya barabarani. Kila ninayekutana naye, kidevu juu, namkazia macho, kisha salamu yangu ya Kiingereza aliyonifundisha Owori. Nilimpata mwenye baiskeli, akayumba mpaka mtaroni. Nikampata muuza samaki, akacheka, akaniuliza nimekunywa nini kanisani. Nikaona mambo yanakwenda vizuri. Kwenye kona ya shamba la mihogo nikasikia nyayo. Nikajiweka sawa, nikafungua macho yote mawili kama taa za lori.

"Gudi moning, sa."

Alikuwa mama mkwe wangu.

Mwanamume hamtazami mama wa mke wake usoni. Akimwona kwa mbali anaacha njia, anageuza mgongo, anangoja apite. Tangu nimwoe Akoth nimemjua mama yake kwa visigino tu na kwa sauti. Leo nimemjua mpaka nyusi. Tena sikuacha haraka, maana Owori alisema usiache kutazama kabla Bwana hajaacha.

Mama akajifunika uso kwa leso, akakaa chini palepale kwenye matope. Mimi nikaruka ndani ya mihogo. Tukabaki hivyo, yeye njiani, mimi shambani, hakuna wa kumsemesha mwenzake. Mwishowe akaona azungumze na mhogo uliokuwa katikati yetu.

"Wewe mhogo, mwambie huyo mtu nilikuwa nakuja kumtakia heri ya kazi."

Nikauambia mhogo umwambie mama asante.

"Mwambie sasa nataka mbuzi wa kunisafisha macho. Na asiniletee yule mwenye kikohozi."

Nikauambia mhogo sawa.

Nilipofika nyumbani Akoth alikuwa anapiga pasi shati langu la kesho. Nikamweleza. Akaiweka pasi ya makaa juu ya jiwe, akanitazama, na yeye hajafundishwa na Owori.

"Baba Ouma, ukikosa hiyo kazi, utakuwa umemtazama mama yangu bure."

Akaishika pasi tena, akamaliza kola. Kisha akamfungua mbuzi mweusi, yule mnono niliyekuwa namtunza kwa ajili ya Krismasi, akaondoka naye. Nimemsikia mbuzi akilia mpaka kule kwenye kona ya mihogo.

Sasa si chungu cha malwa peke yake. Ni mke, ni shemeji, ni mama mkwe na macho yake. Lazima niipate.

Nimebaki peke yangu nyumbani, nikasema nimalizie zoezi ambalo halina mama wa mtu ndani yake. Nikatundika kioo cha kunyolea ukutani, nikasimama wima mbele yake kama niko ofisini kwa Bwana Injinia, nikasalimia mara moja tu, nikakaza macho.

Hili naliandika mara moja na silirudii kwa mtu yeyote. Mtu aliyekuwa kwenye kioo alikuwa na uso mkali. Nikatazama chini.